Bado Mimi

Katika ile nyumba ya wazee kila mtu alikuwa mwema kwa Bibi Mpishi, na wema huo ndio uliokuwa ukimnyima Meza ya Bwana.

Maisha yake yote ya kazi alikuwa mpishi wa shule. Jiko lake lilikuwa na dirisha la kugawia chakula, na sauti yake iliwatoa watoto uwanjani upesi kuliko kengele ya mwalimu mkuu. Tena alikuwa na utaratibu wake. Masufuria yakishaoshwa, sahani moja ilibaki kando ya moto, imefunikwa, ikimsubiri aliyechelewa. Lakini mtoto huyo hakuitwa, wala mwenzake hakuruhusiwa kumwombea. Ilibidi aje dirishani mwenyewe na kusema, "Bado mimi." Akishasema hivyo sahani ilitoka, wala hakuulizwa alikuwa wapi. Wapo waliokuwa na haya, wakawa wanazungukazunguka nyuma ya jiko wakinusa harufu. Bibi Mpishi aliwatazama kwa pembe ya jicho, moyo ukimuuma, akisubiri waseme.

Alipovunjika nyonga, binti yake, ambaye alifanya kazi za zamu kiwandani, alimtafutia nafasi katika nyumba hiyo. Ilikuwa nyumba safi. Sakafu ilipigwa deki asubuhi na jioni, na mashuka yalinukia jua. Mchungaji alikuja mara moja kwa mwezi, mchana, akiwa na mkoba mdogo mweusi wenye mkate na divai, akapita chumba kwa chumba kwa wale wa kanisa lake.

Shida ilikuwa kidonge. Baada ya chakula cha mchana Bibi Mpishi alipewa kidonge cha kutuliza maumivu ya nyonga, na kidonge kile kilimlaza usingizi wa pono. Mchungaji akifika, nesi anaweka kidole mdomoni. "Muache Bibi apumzike, Mchungaji. Usiku hapati usingizi kwa maumivu." Naye Mchungaji, ambaye alivaa viatu vya raba makusudi asiwasumbue wazee, anasogeza kiti karibu na kitanda, anaomba kimoyomoyo, kisha huyo anaondoka. Bibi Mpishi akiamka anakuta kiti kimeelekea kitandani. Mara moja alikuta hata blanketi amefunikwa vizuri hadi mabegani.

"Alikuja?" anamuuliza mwenzake wa chumbani.

"Alikuja," anajibu mwenzake. "Akakutazama kama mtoto mchanga, akaenda zake."

Mwenzake huyo alikuwa askari jela mstaafu, mwanamke mrefu mwenye magoti mabovu na mdomo usiolala. Wote pale walimwita Afande. Kanisani alikuwa haendi. "Mungu wako namheshimu," alisema, "ila hatujawahi kutambulishwa."

"Si uwaambie wakuamshe?" Afande alimuuliza siku moja.

"Sipendi kusumbua watu. Nesi ana wagonjwa wengi."

"Na huyo Mchungaji?"

"Mchungaji naye ana nyumba nyingi za kupita. Nitashiriki akija tena."

Lakini moyoni alijua mambo yalivyokuwa. Macho yake hayakuweza tena herufi za Biblia. Nyimbo alizoimba tangu usichana zilikuwa zinamponyoka, anabaki na mstari wa kwanza na wa mwisho. Sala yake ya jioni ilizidi kufupika, mpaka ikawa anasema tu, "Bwana, unaniona," na kugeukia ukutani. Binti yake alipopiga simu Jumapili na kuuliza, "Mama, umeshiriki?" alijibu, "Mchungaji alikuja, mwanangu," jibu lisilo la uongo lakini lililomkaa kooni. Alichoogopa hasa si kupitwa. Aliogopa kwamba akipitwa mara hii tena, ataacha kungoja.

Siku moja kabla ya Mchungaji kuja alimwambia Afande hayo yote, kwa sauti ya chini, huku akikunja kitambaa ambacho kilikuwa kimekwisha kukunjwa.

Afande alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Kisha akasema, "Kwa hiyo kazi ni kukaa macho. Mbona hujaniambia siku zote? Mimi nimelinda mnara wa jela miaka na miaka. Usingizi tunajuana naye kwa sura."

Kesho yake, kidonge kilipokwisha kumezwa na mhudumu kuondoka na sahani, Afande akashika usukani. "Kwanza, kitandani hulali. Kaa kwenye kile kiti cha mbao. Pili, miguu kwenye maji baridi."

"Afande, utaniua kwa kichomi."

"Ukifa utakutana naye huyo Bwana moja kwa moja. Weka miguu!"

Beseni likaletwa kwa kusukumwa na gongo la kutembelea la Afande, maji yakimwagika njia nzima. Bibi Mpishi alitumbukiza miguu, akapiga ukelele mdogo, akacheka. Kwa muda mambo yakaenda sawa. Halafu kope zikaanza kuwa nzito, kidevu kikaanza kutafuta kifua.

"Mpishi!"

"Niko macho."

"Uko macho wapi, unakoroma! Sasa njia ya tatu. Lindoni, usingizi ukizidi, tulikuwa tunagombana makusudi. Hakuna anayelala katikati ya ugomvi."

"Tugombane kwa lipi? Sina neno nawe."

Afande alifikiri kidogo. "Chakula cha jela," akasema polepole, "kilikuwa kitamu kuliko cha shule yako."

Macho ya Bibi Mpishi yakafunguka yote mawili. "Unasemaje?"

"Mpwa wangu alisoma pale kwako. Alikuwa akisema yale maharage yako hayana chumvi. Maji matupu."

"Hayana chumvi! Maharage yangu!"

"Wafungwa wangu wangegoma."

"Wafungwa wako hawakuwa na pa kwenda! Watoto wangu walikuwa na kwao na bado walirudi dirishani kuongezwa! Mpwa wako alikuwa nani hasa? Yule aliyekuwa akificha mkate mfukoni?"

"Alificha kwa sababu haukulika!"

Bibi Mpishi akanyanyua mguu ili aukanyage chini kwa hasira, akasahau umo ndani ya beseni. Beseni likapinduka, maji yakatambaa hadi mlangoni, gongo la Afande likateleza na kuanguka kwa kishindo. Nesi na mhudumu waliingia mbio, wakawakuta vikongwe wawili wakinyosheana vidole juu ya dimbwi la maji.

"Jamani, bibi zangu! Mnapigana?"

"Hatupigani," alisema Afande. "Tunafanya kazi. Nisikilize, mwanangu..."

"Baadaye, Bibi. Tulia kwanza."

Nesi alipiga magoti palepale kwenye maji. Alichukua taulo, akaikausha miguu ya Bibi Mpishi taratibu, kidole kwa kidole, akikipuliza kile kilichokuwa na sugu. Kisha akampeleka kwenye chumba kidogo mwisho wa ujia, chumba cha mgonjwa anayehitaji utulivu, akamlaza. "Hapa hakuna wa kukugombeza. Pumzika, presha isije ikapanda."

Bibi Mpishi alifungua mdomo. Alikuwa na maneno yote tayari. Lakini sketi ya nesi ilikuwa imelowa magotini, na mikono yake ilikuwa ya baridi kwa sababu ya yale maji. Utamwambiaje mtu aliyekukausha miguu kwamba amekosea?

"Asante, mwanangu," akasema, na usingizi ukamchukua kabla mlango haujafungwa.

Mchungaji alipofika, Afande alimpokea kabla hajavuka kizingiti. "Huyo umtakaye yuko chumba cha mwisho. Mwamshe. Ni amri."

Mchungaji akaenda. Mlangoni akamkuta nesi. "Leo kulikuwa na tafrani kidogo," nesi alimnong'oneza. "Sasa hivi tu ndiyo kapitiwa na usingizi." Mchungaji akaitika kwa kichwa. Akaingia kwa viatu vyake vya raba, akasogeza kiti, akaomba, akaondoka.

Pengine ni baridi iliyokuwa bado imebaki nyayoni. Pengine ni ile habari ya chumvi, iliyokuwa ingali inamchoma. Bibi Mpishi alifumbua macho kabla ya wakati wake. Chumba kilikuwa kimya. Akageuza kichwa, akakiona kiti. Kimeelekea kitandani.

Alikitazama kile kiti kwa muda. Kisha akatazama dirisha. Lilikuwa wazi, nalo lilielekea uani, na huko uani Mchungaji alikuwa akitembea kuelekea getini, mkoba mweusi mkononi.

"Mchungaji," akaita. Ilitoka kama pumzi tu. Ndiyo sauti aliyokuwa akiitumia tangu afike katika nyumba ile, sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kuwapo.

Mchungaji hakugeuka. Mlinzi alikuwa ameshaanza kuvuta komeo la geti.

Bibi Mpishi akajiinua kwa kiwiko. Nyonga ikamng'ata, naye akaiacha ing'ate. Mtoto mwenye haya alipozungukazunguka nyuma ya jiko, ni nani aliyemnyima? Sahani ilikuwapo. Kilichokosekana ni neno tu. Akavuta pumzi mpaka chini ya mbavu, kama alivyofanya uwanja ulipokuwa umejaa watoto na chakula kimeiva.

"BADO MIMI!"

Njiwa waliruka kutoka kwenye paa. Mpishi wa ile nyumba alitoka jikoni na mwiko mkononi. Mlinzi aliliacha komeo, na Mchungaji akasimama kama aliyeshikwa bega.

"Bado mimi, Mchungaji! Sijashiriki!"

Na kutoka dirisha la pili, sauti nyingine, nzito: "Umemsikia! Bado yeye! Geuka nyuma, geuka!"

Mchungaji akageuka. Alirudi mbio, na kwa mara ya kwanza viatu vyake vilisikika ujiani. Nesi alifika naye mlangoni, mkono kifuani.

"Bibi, kumbe ulitaka kuamshwa? Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umenikausha miguu, mwanangu. Nikaona haya."

Nesi akaenda kabatini, akatoa foronya safi, akaitandika juu ya meza ndogo ya dawa na kuinyoosha kwa viganja mpaka mikunjo ikaisha.

Mchungaji akafungua mkoba. "Mimi pia nina kosa langu," akasema. "Kila nikija hapa nakuhesabu na wewe. Kipande chako nakitenga, halafu narudi nacho. Nilikuwa nadhani nakufanyia hisani kukuacha ulale."

"Umekuwa ukinitengea?"

"Kila mara."

Bibi Mpishi alifuta uso kwa ncha ya shuka.

Gongo likagonga ujiani, likaja likasimama mlangoni. Afande aliegemea mwimo, akawapa mgongo, akatazama nje.

"Karibu ndani, Bibi," alisema Mchungaji.

"Niko lindoni. Fanyeni kazi yenu."

Mchungaji akasoma maneno, akamega mkate. Bibi Mpishi aliupokea kwa mikono miwili, mikono iliyogawa chakula miaka yote hiyo, akala. Akanywa. Nesi alisimama karibu na kitanda bila kuangalia saa, ingawa kulikuwa na wengine waliomngoja. Ilipokwisha, alisema tu kwamba siku ya Mchungaji kile kidonge kinaweza kusubiri mpaka atakapokuwa ameondoka. Alitaka kumuuliza daktari kwanza, lakini hakuona kwa nini daktari akatae.

Jumapili simu ikalia. "Mama, umeshiriki?"

"Nimeshiriki, mwanangu."

"Kweli, Mama? Haya, niambie ilikuwaje."

"Mkate ulikuwa mkavu kidogo," akasema Bibi Mpishi, na huko upande wa pili binti yake akacheka mpaka akashindwa kusema.

Jioni hiyo, kabla chakula hakijaletwa, alikaa kitandani akafumba macho. Safari hii hakuishia kwenye "Bwana, unaniona." Alimwombea binti yake na zamu zake. Alimwombea nesi na mikono yake ya baridi, Mchungaji na viatu vyake, na mlinzi aliyeliacha komeo. Kisha akashusha sauti.

"Nakusikia unanisema," alisema Afande kutoka kitanda cha pili.

"Sikusemi. Nakuombea."

"Kwa huyo ambaye hatujatambulishwa?"

"Ndiyo nawatambulisha sasa."

Kitanda cha Afande kikalia kidogo alipojigeuza.

"Basi usiache goti la kushoto," akasema. "La kulia litajitegemea lenyewe. Na umwambie yale ya chumvi nilikuwa kazini."