Kinyumenyume

Wote wawili walirudi nyuma. Muziki ulipoanza, nesi alirudisha mguu wake wa kulia kama alivyofundishwa, na fundi vioo akarudisha wa kwake kama alivyozoea, na mikono yao ikavutika katikati mithili ya kamba ya kuanikia nguo. Wakabaki hivyo, kila mmoja upande wake, wanatazamana.

"Mzee wangu," nesi akasema, "unanikimbia?"

Ukumbi ukacheka, fundi naye akacheka. Mwalimu wa dansi akazima spika. Alikuwa mama mfupi, mwenye filimbi shingoni ambayo hakuna aliyewahi kumsikia akiipuliza. Akaja akasimama kati yao, akaeleza tena kana kwamba ndiyo mara ya kwanza: mwanamume anaanza mbele, mguu wa kushoto. Mwanamke anaanza nyuma, mguu wa kulia. Anayekwenda mbele ndiye mwenye macho. Anayerudi nyuma hana haja ya kuona, yeye anausikiliza ule mkono ulioko mgongoni kwake, basi.

Fundi akasema ameelewa, na kweli alikuwa ameelewa. Kichwa kilielewa tangu siku ya kwanza. Miguu ndiyo iliyokuwa na mambo yake.

Na miguu ile huwezi kuilaumu mpaka uijue kazi. Kioo kikubwa, kile cha dirisha la duka, hakibebwi na mtu mmoja. Wanakishika wawili, mmoja huku, mwenzake kule, wametazamana, kioo kimesimama kwa ukingo wake. Sasa, watu wawili wakitazamana hawawezi wote kwenda mbele. Mmoja lazima arudi kinyumenyume. Yule anayekwenda mbele ndiye anayeita njia: ngazi, kona, kizingiti, tua. Yule anayerudi nyuma anatii. Hageuki kuangalia, maana akigeuza shingo bega linafuata, bega likifuata kioo kinajipinda, na kioo kikijipinda kinakupa mlio mmoja tu, halafu ni kazi ya fagio.

Yeye alishika upande wa kurudi nyuma tangu ujana wake. Alishuka ngazi za mabenki na za mahospitali kwa visigino, akaingia maghorofa yasiyo na milango bado, na hakuwahi kugeuza shingo. Pale karakana jina lake la nyumbani hakuna aliyelikumbuka, walimwita Kinyumenyume. Mwenzake, aliyekuwa akiita njia, walimwita Sauti.

Hata vioo vya ukumbi huu, vilivyofunika ukuta wote mrefu, ni wao wawili waliovipandisha. Siku hiyo walikuwa wanangoja gundi ishike, na wanafunzi wa dansi wakaanza kuingia, naye akakaa juu ya sanduku la vifaa akawatazama. Wanaume hakuwatilia maanani. Aliwatazama wanawake. Walizunguka ukumbi mzima kinyumenyume, wengine wamefumba macho kabisa, na hawagongi kitu. Akamfikiria mke wake.

Mke wake alikuwa msusi, na msusi mwenye mdomo, mteja aliondoka na nywele zilizotulia na mbavu zinazouma kwa kucheka. Kisha presha ya macho ikaanza kumla. Ilimla pembeni kwanza, ikaja katikati, mpaka siku moja akauliza kwa nini taa haijawashwa, nayo ilikuwa inawaka. Tangu hapo kizingiti cha mlango kikawa ndio mpaka wake. Alijaribu kutoka mara moja. Pale njia panda msamaria mmoja akamkamata mkono wa nguo, akamvuta mpaka ng'ambo ya barabara ambayo yeye hakutaka kuivuka. Akarudi nyumbani akasema imetosha.

Sasa alikuwa amekuja na neno jingine. Afadhali aende kukaa kwa binti yao mkubwa, mji mwingine, nyumba yenye watu mchana kutwa.

"Hapa nimekufanya mlinzi, Baba Watoto," alisema. "Unatoka kazini, unakaa kwenye kiti, unanilinda."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomtisha mumewe. Angekuwa na hasira, yeye angejua pa kushika. Binti alikwisha kusema atakuja mwisho wa mwezi kumchukua, na chumba alikwisha kukipaka rangi.

Ndipo fundi alipomweleza habari za ule ukumbi. Aliongea kwa kusitasita, akijua anaonekana mpumbavu, habari za wanawake wanaorudi nyuma bila kuangalia.  Redio ya jirani ilikuwa inapiga, na chini ya kiti fundi aliuona mguu wa kulia wa mkewe ukipapasa sakafu, ukienda nyuma kidogo, ukirudi.

"Mara moja," mkewe alisema baadaye, wakati yeye alikwisha kukata tamaa. "Nitakwenda mara moja tu. Nikigonga kitu, hata kiti, usinitajie tena habari ya kutoka. Nitamngoja binti yangu nimekaa."

Akakubali. Angefanya nini? Akaenda kujiandikisha ajifunze kwanza, na hapo ndipo miguu ilipomwaibisha. Jumamosi baada ya Jumamosi nesi alirudi nyuma, naye akarudi nyuma. Mwalimu alisema hajapata kuona mwanamume anayefuata vizuri hivi, na kwamba angekuwa mwanamke angeitundika picha yake dirishani kama tangazo. Ilikuwa sifa, lakini haikumsaidia.

Mwishowe akamfuata Sauti. Walikuwa wamekaa nje ya karakana wakati wa chakula, glavu zimelazwa juu ya ukuta. Sauti alikuwa mtu mnene, mwenye koo lililokwaruzika kwa kuita njia za watu. Fundi akamuuliza, kama mtu anayeuliza jambo dogo, ukiwa upande ule wa mbele huwa unafanyaje. Unaionaje njia, na kioo kiko mbele yako, na mtu yuko mbele ya kioo.

"Njia?" Sauti akatafuna akamaliza. "Njia naimaliza kabla hatujanyanyua. Si huwa unaniona napita peke yangu, mikono mitupu? Naziona ngazi, naiona kona, nimemaliza. Tukishanyanyua nakuangalia wewe."

"Mimi?"

"Uso wako. Ukikunja hapa," akajigusa katikati ya nyusi, "najua kisigino kimetafuta kitu hakikukipata. Natulia mpaka kikipate. Sasa wewe miaka yote hii ulidhani nafanya nini, natazama mandhari?"

Fundi akacheka, lakini hakula tena. Miaka yote ile alikuwa na uso wake pale wazi, unasomwa, naye hana habari.

Jumamosi aliyomleta mkewe alitangulia yeye asubuhi. Mwalimu akamfungulia, akamwacha. Akauzunguka ukumbi mikono mitupu, polepole, tena na tena. Nguzo. Benchi la kubadilishia viatu. Ule ubao mmoja wa sakafu ulioinua ncha karibu na dirisha. Akauingiza ukumbi wote kichwani kama nyumba anayokwenda kuikatia vioo, kisha akaenda kumchukua.

Mkewe alivaa gauni la kijani, akasuka nywele zake mwenyewe kwa kupapasa, na mistari ilinyooka kuliko ya wenye macho. Njiani alimshika mumewe kiwiko. Ngazi za kupandia ukumbini alizipanda bila shida. Alisema ngazi ni watu waungwana, ukishaijua moja umezijua zote.

Nesi akamsalimia, mwalimu akamsalimia, akamshika mkono akamwonyesha pa kuuweka: wa kushoto begani kwa mumewe, wa kulia ndani ya mkono wake. Muziki ukaanza. Na fundi vioo, baada ya kufundishwa, baada ya kuambiwa na Sauti, baada ya kuupima ukumbi asubuhi nzima, akarudi nyuma.

Safari hii mikono haikuvutika. Mkewe alimfuata, akaja mbele, hatua moja, ya pili, halafu akasimama katikati ya wimbo. Wengine wakawapita pembeni.

"Baba Watoto, kati yetu nani anaona?"

"Mimi."

"Mbona basi nakwenda mbele mimi?"

 Akamwambia ukweli, kwa sauti ya chini. "Nilitaka kama kuna kitu, kinigonge mimi kwanza."

Mkewe akainamisha kichwa kidogo, kama zamani alipokuwa akisikiliza mteja anayetaka mtindo usiomfaa.

"Na huu mkono wa mgongoni," akasema, "umekaza kama umeshika mzigo. Mimi si kioo. Nikianguka nitainuka. Haya, nirudishe nyuma kama hao wengine, nione."

Fundi akashusha pumzi, akalegeza vidole kimoja kimoja. Akangoja wimbo uzunguke mpaka alipoujua. Kisha akapeleka mguu wa kushoto mbele.

Mguu wake ulikwenda mahali ambapo mguu wa mkewe ulikuwa, na mguu wa mkewe ulikwisha kuondoka. Akajaribu tena, ikawa vilevile. Hakutazama nguzo, alijua ilipo. Alimtazama mkewe usoni, kati ya nyusi, na pale palipojikunja alitulia, palipofunguka akaendelea. Walipofika pembeni mdomo wake ukasema wenyewe, taratibu, "Kona," na mkewe akageuka naye, gauni likafuata. Walipokaribia dirishani akasema, "Ubao," mkewe akainua kisigino kama mtu anayevuka kidimbwi. Nesi aliyekuwa nyuma yao akamnong'oneza mwenzake kwamba leo mzee hakimbii mtu.

Ilikuwa muda mrefu hajautazama uso ule hivyo. Nyumbani alikuwa akitazama mikono ya mkewe isiguse jiko, miguu yake isikanyage waya wa pasi. Uso ulikuwa umebaki huko juu peke yake. Sasa aliona mdomo umefunguka kidogo upande mmoja, ule mdomo wa kutaka kumtania mtu, na alitaka kujua nani atakayetaniwa, na akautazama, akautazama, mpaka akasahau ukuta.

Kioo kikalia. Mlio mzito, wa chini, ambao kwa sikio lake alijua hakijapasuka wala hakijaachia gundi. Mgongo wa mkewe ulikuwa umekigonga, si kwa nguvu, lakini umekigonga. Mwalimu akapeleka mkono kwenye spika, muziki ukakatika.

Wangeweza kusema ni kitu kingine. Mtu yeyote pale ukumbini angemsaidia kusema.

"Tumegonga," fundi akasema.

 Mkewe akageuka, akanyoosha mkono, kiganja chake kikakikuta kioo kikatulia pale. Kisha vidole vikatembea mpaka kwenye ukingo, vikashuka nao, taratibu, kama vinavyoshuka na mstari wa nywele.

"Hivi ndivyo mlivyovifunga ninyi?"

"Ndivyo."

"Huu ukingo nani kausugua?"

"Mimi."

Akaupandisha tena mkono kwenye ukingo, akaushusha. "Miaka yangu yote ya kazi nilisimama nikikitazama kioo," akasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza nakipa mgongo."

"Tumegonga, Mama," akarudia, kwa kuwa sharti lilikuwa la mkewe na yeye hakutaka kulipitia kando.

"Nimesikia. Nadhani hata huko mtaani wamesikia." Nesi akaziba mdomo. "Aliyegonga ni nani? Mwenye macho ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi ngoja. Nilisema nikigonga mimi. Hilo la wewe kunigongesha hatukulizungumza. Tutalizungumza nyumbani."

Hakusema kwamba atabaki. Hakusema kwamba atakwenda. Kule chumba kilikuwa kimepakwa rangi, na mwezi ulikuwa bado unakwenda. Mwalimu aliwatazama wote wawili, kisha bila kuuliza akauanzisha wimbo upya.

Kwenye kioo, pale mkewe alipokuwa ameegemeza kiganja, alama ya mkono ilibaki, vidole vyote, imekolea jasho. Katika kazi ile hakuna anayeondoka akaacha alama ya mkono, kuifuta ndicho kitu cha mwisho kabla ya kufunga sanduku la vifaa. Mkono wa fundi ulikwisha kuingia mfukoni, ukakishika kitambaa, ukakitoa nusu.

Mkewe alikuwa amekwisha kukipa kioo mgongo. Alisimama wima, nyusi zimelala, mkono wa kushoto ameuinua hewani pale ambapo bega lilitakiwa kuwepo, akilingoja. Fundi akakirudisha kitambaa mfukoni.