Kumshusha Baba Sebuleni

Baba yangu, fundi cherehani, alifariki akaacha sura yake kwenye kioo kimoja tu cha hologramu, picha inayomtokeza mtu kama yupo hasa. Mama ndiye aliyempiga picha hiyo kwa leza, Baba akiwa anacheka, mkono wenye mkasi ameunyoosha mbele. Kioo hicho kinaonyesha kitu kikimulikwa kwa leza tu, kwenye chumba cha giza ghorofani, na Bibi, aliyemzaa Baba, magoti yake hayapandi ngazi. Hajawahi kumwona mwanawe mle.

"Nitamshusha," nilimwambia Mama. Yaani nitoe nakala itakayoonekana kwa taa ya kawaida. Mikono ya Mama siku hizi inatetemeka, na kazi hii haivumilii hata kikohozi.

"Haya, jaribu," akasema. Neno jaribu silipendi.

Nilikifunga kile kioo cha asili kwenye meza iliyojazwa mchanga ili isitikisike, nikasimamisha kioo kipya pale sura inapoelea hewani. Mwanga mmoja wa leza ulipita kwenye cha asili, mwingine ukakipiga kipya kutoka nyuma. Tukabana pumzi. Nilipokiosha kwa dawa, kikakauka, niliwasha taa. Baba alikuwemo, lakini pua imezama ndani na mkasi umeingia kifuani, kama uso uliobonyezwa kwenye unga.

"Umemgeuza mume wangu kama soksi," Mama alisema, akacheka mpaka akajifuta machozi.

Niliwaka. "Uliona nimekiweka cha asili kinyume, ukanyamaza?"

"Niliona. Na mimi cha kwanza kilinitoka hivyohivyo. Kigeuze cha asili, rudia."

Nikakigeuza, nikarudia, nimenuna lakini mkono umetulia.

Safari hii Baba alitoka sawa. Nilikishusha kioo kipya mwenyewe, nikakiegemeza ukutani sebuleni chini ya taa. Mkasi ukachomoza nje ya kioo. Bibi aliunyooshea mkono, vidole vikapita hewani. Hakushtuka. Aliinama upande mmoja, akakiinamia kioo kama mtu anayechungulia dirishani, akatafuta nyuma ya sikio la Baba.

"Kovu lake hili hapa," akasema. "Alianguka kutoka kitandani hata kutambaa hajajua. Ni yeye."

Alikaa akimtazama, halafu akamgeukia Mama. "Ahsante, mkwe wangu."

"Mimi nilimpiga picha tu, mama," Mama akajibu. "Aliyemleta hapa ni binti yake."

Bibi akanivuta nikae karibu yake. "Mke mwenzangu," akanitania kama bibi na mjukuu, "kumbe mwanangu umemrudisha nyumbani."

Nililia, lakini kwa fahari kichwa sikukiinamisha.