Madirisha ya Upande wa Upepo

Najiat alipofika mtaa wa Mtendeni kuliona jengo alilolibuni, alilikuta limezibwa macho. Madirisha yote ya mbele yalikuwa yamefunikwa, haya kwa mapazia mazito, yale kwa maboksi ya televisheni, na moja kwa kanga iliyopigiliwa misumari kwenye fremu. Ilikuwa Oktoba, mwezi ambao Tabora haina huruma na mtu. Ndani hamkuwa na kiumbe. Wanawake wa darasa la Kurani, wenye jengo lao, walikuwa uchochoroni nyuma, wamebanana kwenye mkeka wakigombea kivuli chembamba cha ukuta.

Damu ilimchemka. Yeye ni mbunifu majengo, na hili hakulibuni kwa kubahatisha. Kule Dar es Salaam aliandika programu yake mwenyewe, akaipa jua la Tabora na upepo wa Tabora, nayo ikajenga na kubomoa ndani ya kompyuta maelfu ya majengo ambayo hayakuwahi kuona tofali. Mwisho ikamchagulia moja: refu, jembamba, lenye madirisha mapana yanayotazama mashariki, unakotoka upepo. Haya, kazi yote hiyo leo imepigiliwa kanga.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, jua kali." Bi Batuli, dada wa baba yake, ndiye aliyekuwa mwalimu wa darasa lile.

"Jua kali, na jengo mmelikimbia. Mmeziba madirisha, hewa itapita wapi?"

Bi Batuli alifunga msahafu taratibu. "Hewa inapita vizuri. Na macho nayo yanapita vizuri. Ingia ndani, utazame nje."

Najiat akaingia, akachungulia pembeni mwa pazia. Barabara ilikuwa hapo hapo, na ng'ambo yake kijiwe cha bodaboda, vijana wamekaa juu ya pikipiki zao, nyuso zimeelekea madirishani. Ungewalaumu vipi? Ndiko zilikoelekea pikipiki. Njia hiyo ni ile ile ya misafara ya kale iendayo Ujiji, na tangu enzi hizo haijakosa mgeni wa kuchungulia. Ndiyo maana nyumba za zamani za mtaa huu zimeipa mgongo, zikafungua maisha yao uani. Najiat kazaliwa katika nyumba kama hiyo. Utotoni alikuwa hathubutu kuwasha taa ya sebuleni kabla ya kuvuta pazia. Jambo analolijua kiasi hicho ndilo alilolisahau, na hilo lilimuuma kuliko ile kanga.

"Humu watu wananyonyesha," shangazi yake alimwambia kutoka mlangoni. "Wananyoosha miguu, wanalegeza mitandio. Tukifungua tunakuwa kama tumekaa sokoni."

"Mbona hamkuniambia? Niliwaonyesha kabla hata ya msingi."

"Ulituonyesha kwenye kompyuta chumba cha rangi ya bluu, ukasema bluu ni ubaridi. Tukasema mashallah. Sisi tulijua ubaridi ni wa kuta, si wa madirisha wazi. Na wewe mtoto wetu, umesoma, nani angekukatiza?"

Hasira aliyokuja nayo Najiat ilitafuta mtu wa kumwangukia, ikamkosa, ikamrudia mwenyewe. Akaketi kizingitini, akafungua kompyuta, akautafuta mstari wenyewe ndani ya programu. Wala haukujificha. Ulisema madirisha yako wazi mchana kutwa. Aliuandika yeye, harakaharaka, akidhani hapo hapana cha kufikiri. Akaugeuza useme yamefungwa, akaiacha programu ipige hesabu upya. Bluu yote ikanywea, chumba kikabaki chekundu tupu, rangi ya joto. Akajaribu madirisha ya nyuma, bado kikawa chekundu. Akainua paa na kuacha upenyo juu ya kuta, na hapo angalau rangi ikalainika.

Akaondoka moja kwa moja kwa Mzee Sabiri, baba yake mkubwa na mwenyekiti wa kamati ya msikiti inayolisimamia jengo lile.

"Baba mkubwa, naomba tuinue paa. Bila hivyo wanawake hawawezi kulitumia jengo lao."

"Tufumue paa la jengo jipya? Mji mzima utatucheka." Mzee alicheka yeye kwanza. "Wasichokitaka wao, wenzao wanakitaka. Darasa la wanaume limebanana pale msikitini. Tutahamia sisi. Wao warudi uani kwa Batuli, si wamepazoea?"

"Lilijengwa kwa ajili yao."

"Lilijengwa kwa ajili ya elimu, mwanangu. Maji yakimwagika hayazoleki."

Najiat alibishana naye kwa adabu, kisha kwa sauti, kisha akaaga, maana mzee alikuwa keshageukia mazungumzo mengine. Alitamani kulia, na alitamani zaidi kumtikisa.

Ijumaa baada ya swala wanaume wakahamia. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kung'oa misumari. Maboksi yakatupwa nje, mapazia yakashuka, na upepo wa mashariki ukaingia kama ulivyopangiwa, ukampitia kila mtu kifuani na kutokea upande wa pili. Wakavua kofia, wakafungua vifungo vya kanzu, wakanyoosha miguu. Vijana wa bodaboda wakawapungia mikono, nao wakawapungia.

Mzee Sabiri alimwona Najiat kasimama mlangoni, akamwita mbele ya watu wote.

"Mwanangu, Mungu akubariki. Wengine tulikuwa hatuiamini kompyuta yako. Kumbe haikukosea hata kidogo."

"Imekosea, baba mkubwa," Najiat alisema. "Nimekosea mimi. Nyumba hii haiwafai waliojengewa."

Wazee wakatazamana, wakatabasamu. Mmoja wao akawageukia vijana waliokaa nyuma, akawaambia wamtazame vizuri binti huyu, msomi mkubwa namna ile na bado ana unyenyekevu.