Safu ya Katikati

Nilikuwa napaka rangi ofisi moja huko Kiseke, vijana wanatengeneza programu za simu. Bosi wao, Sheetal, alikuwa ametundika ubao wenye safu tatu: Inafanywa, Inakaguliwa, Tayari. Kila kazi ilikuwa na karatasi yake ya njano, nayo ilihamishwa kadiri kazi inavyosogea, ili waone inakwama wapi.

Ilikwama kwa Justa. Wenzake wote waliandika programu, yeye peke yake ndiye aliyekagua, basi safu yake ikajaa hadi karatasi zikawa zinadondoka.

“Kizibo, umeamkaje?” Mwenzake Jonathan alimwita hivyo kila asubuhi.

“Salama, kaka.”

“Chupa inafunguka lini?” Ofisi nzima ikacheka.

Siku ya kikao Justa alisimama penye ubao. “Dada Sheetal, si unaona mwenyewe? Nipe mtu mmoja tu wa kunisaidia, kazi itatembea.”

“Naona,” alisema Sheetal. Akabandua karatasi zote za Justa, akazihamishia Tayari. Kisha akafuta neno Inakaguliwa kwa kiganja. “Kuanzia leo kila mtu ajikague mwenyewe.”

Wakapiga makofi.

“Na mimi nikae safu gani?” Justa aliuliza.

Sheetal aliutazama ubao kama anayeitafuta kweli. “Wewe unaiona?”

Nimezunguka sana nchi hii, nimeona watu wakifutwa kazi kwa barua na kwa matusi. Kwa kiganja ndiyo mara ya kwanza. Na kabla Justa hajajibu, Jonathan alishajivutia kiti cha mwenzake huyo, maana kilikuwa na mto.