Mwanamke Aliyekuja na Tovuti

Mashavu binti Mkadam alikwenda Kilindoni, mji wa kisiwa cha Mafia, kununua tovuti, na kwa kuwa safari ni moja, akanunua pia sukari, kibiriti na rangi ya miyaa, majani ya kusukia mikeka. Alifuatana na wifi yake Zulfa, mtu asiyedanganyika haraka. Bajaji kutoka Kiegeani, kijijini kwao, iliwashusha mbele ya duka la saruji, na nyuma ya duka hilo, katika chumba chenye feni isiyozunguka, wakamkuta Taufiki.

Taufiki alikuwa kijana anayepiga picha za pasipoti, kuingiza nyimbo kwenye simu za watu na kutengeneza tovuti. Akawaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba, akawatandikia mkeka wa plastiki. Mashavu aliutazama mkeka ule, kisha akakaa juu yake.

Yeye alikuwa msukaji. Kwa miaka mingi mikeka yake ilivuka bahari mikononi mwa mchuuzi mmoja aitwaye Muhidini, aliyeiuza Dar es Salaam na kuwaambia wanunuzi kwamba imesukwa na mama yake mzazi. Mama yake Muhidini alikuwa mpika vitumbua na hajapata kushika ukili, ule utepe wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka. Mashavu hakuwa na ugomvi na bei. Alichotaka ni kwamba mtu anayelala juu ya mkeka wake ajue umesukwa na nani.

Taufiki alieleza kwamba tovuti ni kama binadamu, haitembei mjini bila jina, haikai bila nyumba na haitoki bila nguo. Nyumba yake inaitwa seva, na hiyo atakayowakodishia iko Ulaya. Zulfa akauliza kama hakuna iliyo karibu zaidi. Zipo, akasema Taufiki, lakini ya Ulaya haikatiki umeme. Mashavu akataka kuelewa vizuri. Mtu wa Bwejuu, kisiwa cha hapo mbele tu, akitaka mkeka, ombi lake litakwenda Ulaya kwanza ndipo lirudi Kiegeani? Taufiki akasema ndivyo. Mashavu hakuona ajabu, kwani cheti cha kuzaliwa cha mwanawe kilizunguka kuliko hapo.

Kwenye jina walikwama kidogo. Mikeka ya Mafia lilikwisha kuchukuliwa na mtu asiyejulikana ambaye hakuweka chochote humo, amelikalia tu. Wakachukua Mikeka ya Mashavu. Baadaye mteja mmoja wa Morogoro aliandika kuuliza mikeka hiyo inabandikwa usoni kwa muda gani, na kama inaondoa madoa.

Zikabaki nguo. Taufiki akawaonyesha miundo. Mmoja ulikuwa mweusi, wa kuwafaa mawakili. Mwingine ulikuwa na moto unaowaka pembeni, nao ulikuwa wa wachoma nyama. Wa mwisho ulikuwa mweupe, una mwanga mwingi, na katikati yake ameketi mwanamke mwenye shati jeupe na laptopu mapajani, anatabasamu. Huo ulikuwa wa bure.

Mashavu aliuliza huyo mwanamke ni nani. Taufiki akasema si mtu, ni picha ya kushikia nafasi, itatolewa ikishapatikana picha yake yeye. Akampiga moja hapo hapo, Mashavu akiwa ameinamia ukili aliokuja nao. Taufiki alimwomba ainue uso. Mashavu akasema akiinua uso atapoteza hesabu ya chane, vile vipande vya miyaa alivyokuwa akivisuka. Picha ikatoka ya utosi, Taufiki akaiweka kando.

Tovuti ilifunguliwa juma lile lile, na asubuhi iliyofuata Zulfa alipotoka kufagia alimkuta mwanamke wa picha ameketi barazani. Alikuwa na shati lake jeupe na laptopu yake mapajani, isiyo na alama ya kampuni yoyote. Ukimtazama upande huu ungesema ni mtu wa Tanga, ukimtazama upande wa pili ungesema ni wa Brazili. Alikuwa anatabasamu.

"Wifi," Zulfa aliita kuelekea ndani, "yule wa tovuti amefika."

Mashavu akatoka, akamkaribisha, akamuuliza habari za safari. Mwanamke akatabasamu. Wakampa uji. Mchana wakamtengea wali na samaki, navyo akavila kwa adabu, lakini alipoletewa kachumbari akaangua kicheko kirefu cha furaha, uso ameuelekeza juu, uma umeganda hewani. Alifanya hivyo kila alipoona mboga mbichi. Zulfa akaamua kachumbari iwe ya siku za Ijumaa tu, watu wapate kula kwa utulivu.

Wakampa jina la Mgeni, ambalo pwani ni jina la mtu kamili. Na kwa kuwa mgeni siku ya tatu hupewa jembe, naye Mgeni alipewa chane. Mwanzoni alizishika kama alivyoshika kila kitu, kwa vidole vilivyokunjuka vizuri, akizitazama kwa mapenzi bila kuzifanya chochote.

Baadaye Taufiki, kwa bidii yake, akafungua ukurasa wa pili ulioitwa Timu Yetu. Wakatokea wanaume wawili wenye suti uani, kati ya jiko na banda la kuku, wamepeana mikono. Hawakuachiana. Majirani walikuja kuuliza wamekubaliana nini, hakuna aliyejua. Mbuzi walipita chini ya mikono yao, na Zulfa, alipoona kamba yake imejaa, akaanika kanga mbili juu ya mikono hiyo. Hawakulalamika.

Oda zilikuja. Zilitoka Arusha, Mwanza, hata Muskati. Mashavu na Zulfa walisuka mpaka wakawaita Mwanamkuu na binti zake kutoka nyumba ya pili. Lakini salamu zilizofuatana na oda zilikuwa na namna yake. Watu waliandika kumsifu dada wa kwenye picha kwa vidole vyake vya ustadi. Mmoja alisema nakshi hizi zinaonyesha usomi wa aliyezibuni. Nakshi hizo Mashavu alizirithi kwa mama yake, Mize, ambaye hakupata kuijua hata alifu.

Na hapo kijijini mambo yalibadilika polepole. Watu waliofika nyumbani walimsalimu Mgeni kwanza. Suleimani, mwenyekiti wa kijiji, alimwalika kwenye mkutano wa bomba la maji akamkalisha meza ya mbele. Upande mmoja walitaka bomba lipite shuleni, upande wa pili lipite sokoni, na Mgeni aliwatabasamia wote, kila upande ukaandika kwamba umeungwa mkono. Muhidini naye alipiga simu kutoka Dar. Kwa miaka yote hakuwahi kumuuliza Mashavu jina la mama yake, lakini siku hiyo aliuliza kwa heshima kama anaweza kupata namba ya bosi wao mpya.

Mashavu alikata simu, akavaa baibui, akaenda Kilindoni peke yake. Alimwambia Taufiki aweke ile picha yake. Taufiki alisita, akasema picha ya utosi haiuzi. Mashavu akasema yeye hauzi utosi, anauza mikeka. Akasimama nyuma yake mpaka alipomwona Mgeni anatoka kwenye kioo na utosi wake mwenyewe unaingia. Ukurasa wa Timu Yetu walisahau, na wale wanaume wakabaki walipo.

Oda zikakoma kama mvua iliyoahirishwa. Wateja wa zamani waliandika kuuliza kama biashara imeuzwa. Mwingine alitaka kujua yule dada yuko wapi, na huyu mama mfanyakazi amewekwa hapo kwa sababu gani. Na barazani, Mgeni akaanza kupauka. Ulianza ukosi wa shati, kisha mabega. Ilipofika katikati ya juma Zulfa aliweza kuona ufa wa ukuta kupitia kifua chake, na kuku walikatiza pale alipoketi kana kwamba hapana mtu. Alikuwa bado anatabasamu.

Mashavu hakupenda kumwangalia. Alijiambia kwamba picha si mtu, Taufiki mwenyewe alisema. Lakini asubuhi ya siku hiyo alimpelekea uji kama kawaida, na alipoinama kumwekea kikombe, tabasamu la Mgeni likaanguka. Lilianguka lote kwa mara moja, likaacha uso wa mwanamke wa makamo, mwenye mikunjo ya uchovu na kinywa cha kununa kidogo.

"Mashavu," alisema Mgeni. Lilikuwa neno lake la kwanza.

"Abee," Mashavu akaitika.

"Mashavu yananiuma."

Mashavu akaelewa kwamba hakuitwa. Akaingia jikoni, akapasha mafuta ya nazi, akarudi na kuanza kumkanda, taratibu, kutoka kwenye taya kwenda juu. Uso ule ulikuwa mwepesi mikononi mwake kama ganda la yai. Mgeni alifumba macho akaongea. Alisema siku moja, zamani, aliingizwa katika chumba cheupe, akapewa laptopu isiyowaka, akaambiwa atabasamu. Kisha akapewa bakuli la majani akaambiwa acheke. Mpiga picha hakumuuliza jina. Tangu hapo amekaa kwenye tovuti za madaktari wa meno, za bima, za chakula cha mbwa, na kote huko amekuwa mwenye mali. Jina lake mwenyewe limemtoka.

Mashavu aliendelea kumkanda mpaka mafuta yakaisha. Kisha akampigia Taufiki simu, akamwambia amrudishe.

Zulfa alikuwa anasikia. "Wifi," alisema, "na wewe je?"

"Mimi wasiponiona nipo," Mashavu akajibu. "Yeye wasipomwona hayupo."

Zulfa alitaka kubishana, akaacha. Akaenda kugeuza kanga zake.

Mgeni alirudiwa na rangi yake kabla ya magharibi, na oda zikarudi siku iliyofuata. Lakini sasa hakutabasamu isipokuwa alipotaka, na hakutaka mara nyingi. Alijifunza kusuka. Ukili wake wa kwanza ulipinda kama njia ya kaa. Wa pili ulinyooka. Alipata vidole vyenye rangi na mgongo wenye maumivu, akawa analalamika kama wengine, na Mwanamkuu alisema ni mtu wa kukaa naye vizuri.

Msimu wa kipupwe ulipoingia, akaja Safia. Alikuwa mnunuzi wa vifaa vya mahoteli Dar es Salaam, mwanamke mwenye haraka na moyo mwema, na alikuwa amekwisha kuandika kwamba anapenda kuwaona wasukaji kwa macho yake, kwa sababu wageni wa hoteli siku hizi wanapenda kujua kitu kimetoka kwa nani. Alishuka kwenye ndege Kilindoni, akapanda bajaji, akaingia uani. Akawapita wanaume wa suti na kuwapa salamu ya kikazi. Mashavu alikuwa ameketi chini anashona mkeka mpana, sindano mdomoni.

"Shikamoo mama," alisema Safia. "Naomba uniitie mwenye biashara."

Mashavu alitoa sindano mdomoni, akaitikia marahaba, akasema amefika. Safia akashukuru, akaendelea kutazama mlangoni. Mlangoni akatokea Mgeni, ameshika fundo la miyaa, hatabasamu. Safia akamwendea mikono miwili mbele, akamwambia ni mzuri kuliko picha.

"Mwenye kazi ni huyu," alisema Mgeni, akaonyesha chini alipoketi Mashavu. "Mimi najifunza kwake."

Safia aliweka mkono kifuani. Alisema amezunguka pwani yote, ameona viongozi wa kila aina, na hajapata kuona anayewatanguliza wafanyakazi wake namna hii.

Mgeni akarudia. Alisema hana biashara, hana hata jina lake, kila nakshi iliyoko pale ni ya Mashavu na mama yake Mashavu. Aliyasema polepole, kwa Kiswahili safi alichokipata barazani pale. Machozi yalimlenga Safia. Akasema unyenyekevu huu ndio utakaoandikwa kwenye kadi ya kila chumba. Zulfa, aliyekuwa anapepea moto, akaingilia na kusema kwamba wifi yake ndiye mwenye tovuti, jina lake ndilo lililoandikwa juu kabisa. Safia akamtazama Mgeni kwa mapenzi zaidi.

"Na umeipa biashara jina la fundi wako," alisema.

Ikawa basi. Mkataba ulikuwa wa mikeka ya hoteli nzima, vyumba na msikiti wake, na hakuna aliyeona faida ya kuukataa. Mgeni alikataa kutia sahihi, Safia akalielewa hilo pia, akampa Mashavu kalamu asaini kwa niaba yake. Kabla ya kuondoka alitaka picha ya kumbukumbu. Akamwomba Mashavu asogee kidogo, kisha, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine mwenye mikono mitupu, akampa simu awapige. Mgeni alitaka kutoka. Safia akamshika kiuno. Mashavu alifunga jicho moja, akahesabu, akapiga.

Safia aliituma kwa Taufiki aiweke kwenye ukurasa wa mbele. Zulfa alipika uji wa ziada asubuhi yake, kwa tahadhari, lakini Safia wa pili hakuja, kwa kuwa yule wa kwanza ana jina lake na ana kwake. Picha ilikuwa nzuri na ilisifiwa na wengi. Pembeni tu kilionekana kidole gumba cha Mashavu, cheusi kwa rangi, kimeingia kwenye kioo cha simu bila kukusudia. Taufiki alikiona, akakikata.