Mdomo Uliofungwa wa Tavaris

Kocha Rudd alikuwa na desturi ambayo hakuna kinda aliyeipenda. Kila asubuhi ya kambi ya mpira wa Kimarekani aliichukua ripoti ya mchezaji mgeni mmoja, ile iliyoandikwa kabla timu hazijagawana vijana wa vyuo, akaisoma mbele ya watu wote kama hakimu anayesoma hukumu. Siku ya tisa, Agosti ile ya mwaka tisini na sita, zamu ilimwangukia Tavaris Gholston, mvamizi, yaani mtu wa kumkimbilia na kumwangusha mrushaji mpira wa wapinzani, kutoka Mississippi, aliyechukuliwa duru ya tano ya mgawo huo wakati watu wengi walikuwa wameshazima televisheni.

"Uzuri wake," Kocha akasoma. "Hatua ya kwanza kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Mikono mirefu. Hachoki." Akageuza karatasi. "Basi. Uzuri umeisha."

Chumba kizima kikacheka.

"Ubaya wake. Mikono mirefu lakini haijui pa kushika. Wapinzani wakikimbia na mpira upande wake, wanapita kama watu wanaoingia kanisani. Na mlinzi mzoefu humsoma anakokwenda kabla hajaenda. Sijui anamsomea wapi."

"Mimi najua," sauti ikatoka nyuma.

Alikuwa Magnus Oberholt, mlinzi wa mrushaji wao, mwaka wake wa kumi na tatu kwenye timu, shingo nene kama gogo na magoti mawili yaliyokwisha kupasuliwa mara nne. Tavaris alimfahamu vizuri kuliko alivyotaka. Kambini kinda hubebeshwa vifaa vya mkongwe, na tangu siku ya kwanza yeye ndiye aliyebeba kofia ngumu na pedi za Oberholt, zikinuka kama mbwa aliyenyeshewa.

Kocha akaikunja karatasi. "Gholston, kesho napeleka majina ya watakaobaki, na nafasi ya mvamizi imebaki moja. Leo utaingia na Oberholt mara kumi, tano asubuhi, tano mchana. Liguse gunia hata mara moja tu, jina lako nalipeleka. Usipoligusa, panga begi."

Nyumbani kulikuwa na kiwanda cha samaki kambare, ambako mama yake alisimama miaka kumi na tisa akipasua matumbo ya samaki kwenye maji ya barafu. Msimamizi alikuwa ameshamwambia Tavaris kwamba aproni yake ipo, imetundikwa, inamsubiri.

Zoezi lenyewe ni rahisi kulieleza. Gunia husimamishwa mahali pa mrushaji. Mvamizi anataka kulifikia, mlinzi hataki. Mvamizi ana njia mbili, azunguke kwa nje au akate kwa ndani.

Tavaris aliinama, vidole kwenye nyasi. Oberholt akamtazama usoni, akatabasamu.

"Nje," akasema.

Na kweli Tavaris alikuwa anakwenda nje. Akachomoka, akamkuta mzee ameshafika, akasukumwa mpaka kwenye mstari wa chaki.

"Amka, dogo. Ndani sasa."

Ndani. Akapigwa kifuani, akakaa chini kama mtoto anayejifunza kutembea.

"Nje. Mungu wangu, tena nje! Huyu aliletwa na basi la shule?"

Mara tano Oberholt alitaja, na mara tano alipatia. Wenzake wakaanza kumwitikia kama kwaya. Tavaris alijaribu kutomwangalia, akajaribu kubadilisha mguu wa mbele. Haikusaidia kitu.

Wakati wa chakula alibeba sinia lake la kuku na viazi vya kupondwa, akatafuta meza ya pembeni. Oberholt akamfuata, akamwekea pedi zenye jasho kando ya sahani.

"Umezisahau, bwana mdogo."

"Sikuzisahau."

"Basi uliziacha. Hiyo ni mbaya zaidi." Akachukua paja la kuku kwenye sahani ya Tavaris, akaling'ata. "Nikutegee kitendawili, maana huko kwenu hamna cha kufanya jioni. Nyumba yangu nimefunga mlango, lakini jirani wote wanajua ninachopika."

"Niache nile."

"Hujui. Hutajua. Na kesho utakuwa ndani ya basi bado hujui." Akaondoka na lile paja.

Tavaris alikula kwa hasira bila kusikia ladha, kisha akaenda kwenye bomba kuosha kinga yake ya meno, ule mpira laini wanaoung'ata wachezaji wasivunjwe meno. Akaigeuza chini ya maji, akaganda.

Upande wa kushoto ulikuwa mpya kama ulivyotoka dukani. Upande wa kulia ulikuwa umetafunwa mpaka umepata matundu.

Akajitazama kwenye kioo. Akajifanya anakwenda nje, kwa kasi yote: taya la kulia likakaza, shavu likavimba. Akajifanya anakata ndani: taya likalegea, kinga ikaning'inia kidogo mdomoni. Maisha yake yote alikuwa akipika na moshi ukimtangaza, naye akiapa kwamba mlango umefungwa.

Mchana joto lilikuwa la kumlaza ng'ombe. Mara ya sita Tavaris alibadilisha mdomo lakini akausahau mwili, akaishia chini. Mara ya saba mguu ukateleza. Ya nane Oberholt alimshika jezi waziwazi, na Kocha akajifanya anatazama mawingu.

"Mbili zimebaki," Kocha akasema.

"Mpigie mama akupashie chakula," akasema Oberholt.

Mara ya tisa Tavaris akainama. Akaing'ata kinga upande wa kulia kwa nguvu zote, mpaka shavu likamuuma.

"Nje," akasema Oberholt, na magoti yake mabovu yakaruka kwenda nje.

Tavaris akakata ndani. Hakuna mkono uliomgusa. Aligonga gunia kwa kichwa na mabega, likaanguka, naye akaanguka juu yake, akalikumbatia kama ndugu.

Kocha Rudd akatoa kalamu, akaandika kitu kwenye orodha ya majina. Kisha akamtazama Oberholt, aliyekuwa bado anahangaika kuinuka kutoka goti moja, akaandika kitu kingine.

Oberholt aliiona kalamu ile. Akaja mpaka pua kwa pua.

"Nani kakuambia?"

"Wewe. Wakati unakula kuku wangu."

"Mjinga wewe."

"Mdomo," Tavaris akasema. "Jibu la kitendawili chako ni mdomo. Na wako ndio uliokutoa."

Mzee akatema mate kando ya kiatu chake. "Beba pedi zangu."

Desturi ni desturi mpaka mechi ya kwanza. Tavaris akaziokota, akatangulia kwa mwendo wa haraka makusudi, akimsikia nyuma yake yule mkongwe akichechemea kumfuata.