Tairi la Kufungulia Macho

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Haya, kamwambie hayo Évariste wa mtaa wa Panda, ambaye mgeni wake alikuwa mama mkwe, tena mwenye nyonga mbovu! Mama Orpa alitoka mji wa Kambove kuja kumtunza binti yake Alphonsine aliyejifungua. Akateleza uani, nyonga ikaumia, na ndiyo akakwama hapo. Treni zilikuwa zimelala. Malori yaliyobaki yalipakia watu juu ya magunia, na bibi wa nyonga atapandaje huko?

Sasa, kwa watu wao, mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hasemi naye wala hali mbele yake, mpaka atoe zawadi ya kufungua macho. Évariste alikuwa amekusudia mbuzi. Kisha kiwanda alikokuwa dereva kikaacha kulipa watu, na mbuzi akabaki moyoni. Basi jamani, mwanamume mzima akawa anatoka nyumbani kwake kwa dirisha la jikoni! Kiti chake cha barazani amekalia mama. Redio yake anaisikilizia chooni. Na mama naye hakuwa na raha, kila siku akilia kwa binti yake, "Nirudisheni kwetu. Sitaki kufia kwa mukwe asiyenijua sura."

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Nyuma ya nyumba ilisimama juu ya mawe motokari ya ajabu: ndani ina kitanda, jiko la gesi, friji na pazia, nyumba kamili yenye usukani. Mzungu mmoja fundi aliiacha alipokimbia uporaji wa mwaka wa tisini na moja, akampa Évariste funguo, basi. Matairi wezi waliyabeba, watu wakayavaa miguuni yakiwa ndala. Ndani walilala kuku.

"Nikipata pine tano," Évariste alimwambia mkewe, maana kwao tairi ni pine, na mimi ni minye, "mama atafika Kambove amelala kitandani. Na minye nitakaa katika kiti yangu!"

Augustin, muuza matairi, akaja na mkokoteni umejaa. Mama Orpa alikuwa barazani, amewapa mgongo kama adabu inavyotaka, ila masikio hayakuwapa mgongo.

"Papa, angalia hii! Neuf, mupya kabisa!" Augustin akatoa tairi jeusi linalong'aa.

Évariste akaingiza mkono ndani, akapapasa taratibu. "Neuf ya wapi? Umeichonga na kisu ya moto, ukapaka mafuta. Nyuzi zinachungulia hapa. Unataka kutuua?"

"Natafuta maisha, papa," Augustin akacheka, akatoa mengine.

"Hizi ni za taksi. Nyumba hii iko nzito kwa nyuma. Zitalala chini kama mukate."

Mwisho yakapatikana manne yaliyotoka kwenye lori dogo. Yalikuwa mazee lakini yasiyo na hila, mbavu nene, bila ufa wala uvimbe. Yakabadilishwa kwa jiko la gesi na friji, maana friji bila umeme ni kabati tu. La tano Augustin akatoa kipara kitupu. "Hii ya secours, ya kuweka akiba, ninakupa cadeau, bure."

"Sawa," Évariste akasema kwa furaha. "Kazi yake ni kulala tu."

Hapo sauti ikatoka barazani. Haikusema naye, astaghafiru! Ilisema na kuku.

"Weye kuku! Ambia ule mwenye nyumba: pine ya secours haingojei siku muzuri. Inangojea siku mubaya. Sasa siku mubaya apewe pine mubaya?"

Kuku akadonoa. Évariste naye akamgeukia kuku huyohuyo. "Kuku, ambia mama, siko na kitu ingine ya kutoa."

"Kuku, akiba haiozi. Kuko redio. Redio ya kuimbia inzi wa chooni inasaidia nani?"

Augustin alicheka mpaka akakaa chini. Évariste hakucheka. Redio ile aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza, na aliipenda. Lakini akajiuliza: kipara hiki kikipasuka porini, bibi asiyetembea nitamweka wapi? Akaingia ndani, akaileta mwenyewe. Augustin akampa tairi la tano, zuri kuliko yote, lenye vinyweleo vya mpira vya kiwandani bado.

Wakaondoka asubuhi, kuku wakabaki Panda. Mama nyuma ya pazia, Alphonsine na mtoto mbele. Walikuwa wamebakiza kilima kimoja wafike Kambove, chuma cha njiani kikapasua tairi la nyuma. Évariste akaweka jeki. Jeki ikalia, ikagoma. Mzigo ulikuwa mkubwa, lazima mama ashuke. Alphonsine akajaribu kumbeba, akashindwa. Jua linawaka, barabara tupu.

"Ambia mama..." Évariste akaanza.

"Minye nimechoka kuwa kuku wenu!" Alphonsine akapaza sauti. "Musemeshane!"

Halafu nyuma ya pazia, polepole: "Mukwe, uko na kitu ya kunifungua macho?"

Évariste akatazama huku na huku. Pori. Vumbi. Akaliviringisha tairi la tano mpaka mlangoni, akapiga magoti, akapiga makofi madogo ya heshima. "Mama, mbuzi alipotea pamoja na mushahara. Niko na hii tu."

Mkono ukatoka kwenye pazia, ukapapasa vile vinyweleo. "Ni ile ya redio?"

"Ni ile, mama."

"Inapita mbuzi. Mbuzi angenifikisha wapi?" Akavuta pazia. "Basi niangalie."

Évariste akainua kichwa. Macho yalikuwa ya Alphonsine yuleyule, yamezungukwa na mikunjo ya kucheka. Aliona haya. Uso huu ndio aliokuwa akiukimbia kwa dirisha? Akambeba mgongoni mpaka kivulini, na mama njia nzima anamcheka kwamba ananuka mpira.

Huko Kambove Berthe, dada yake mama, aliwapokea kwa vigelegele, akasonga ugali wao wa bukari, akapika sombe ya majani ya muhogo na samaki. Évariste alikula mbele ya mama mkwe, na mama akamchagulia mnofu.

"Pine ni yangu sasa," mama alimwambia wakiagana. "Nimekukopesha. Utairudisha."

Évariste akarudi Panda na mkewe na mtoto, akaingia kwa mlango mkubwa, akakaa katika kiti chake. Alikuwa amepata yote aliyoyataka. Akanyoosha miguu. Akaikunja. Nyumba ilikuwa kimya, hakuna redio, hakuna wa kumsema, na moyo wake haukutulia. Kuku akapita.

"Kuku," akasema, "ambia Alphonsine afunge mizigo. Tunarudisha pine ya mama."